Saa za Watu Wanaoijua Kazi: Kupanga Uingizaji wa Mfumo katika Kampuni Ndogo

Mhadhara kwa wamiliki, mameneja na wahasibu wa kampuni ndogo na za kati



Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga uingizaji wa mfumo wa kompyuta wa kuendesha biashara. Nina maana ya ule mfumo mmoja unaobeba mauzo, manunuzi, stoo, madeni na hesabu za vitabu, badala ya kila idara kushika daftari lake. Wengi wenu mmekwisha kutembelewa na wauzaji wa mifumo hiyo. Mmeonyeshwa skrini zinazopendeza, mkaahidiwa kwamba wiki sita zinatosha.

Hoja yangu ni moja, na naitaja mapema ili mnipime kwayo. Katika kampuni ndogo, kitu adimu kuliko fedha ni saa za watu wawili watatu wanaoijua kazi. Mpango mzuri huanza kwa kuzihesabu saa hizo. Usipozihesabu, mradi utakwama hata kama mfumo ni bora na hela ipo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna mfanyabiashara ukumbini humu anayehitaji kushawishiwa juu ya daftari. Kinachobaki kuulizwa ni nani ataliandika, saa ngapi, na kwa kuacha kazi gani nyingine.

Mifumo iliyozaliwa viwandani

Mifumo hii haikubuniwa kwa ajili ya duka la jumla la Kariakoo wala la Biashara Street, Mombasa. Mwaka 1964 Joseph Orlicky, mhandisi aliyefanya kazi Marekani, alibuni njia ya kukokotoa malighafi ambazo kiwanda kitahitaji, na Black & Decker ikawa kampuni ya kwanza kuitumia. Mwaka 1972 wahandisi watano waliotoka IBM walianzisha SAP nchini Ujerumani, wakitaka kuunganisha hesabu na shughuli za kampuni mahali pamoja. Wateja wao wa mwanzo walikuwa viwanda vikubwa. Kampuni ya namna hiyo inaweza kuwatoa watu ishirini kazini mwaka mzima washughulikie mradi tu, na kazi ikaendelea kwa sababu wapo wengine wa kushika nafasi zao.

Tangu hapo bei imeshuka sana. Leo ipo Odoo, iliyoanzia Ubelgiji mwaka 2005 kwa jina la TinyERP, na ipo ERPNext kutoka India, programu huria ambayo mtu anaweza kuipakua bila kulipia leseni. Kampuni ya watu kumi inaweza kupata chombo ambacho zamani kilikuwa cha mashirika makubwa peke yao. Lakini vitabu vya mipango vilivyokuja pamoja na vyombo hivi bado vinadhani kwamba una watu ishirini wa kuwatoa kazini. Programu inaweza kuwa ya bure, ila saa za mhasibu wako haziwezi kuwa za bure kamwe.

Mwezi wa mhasibu

Tuchukue kampuni ya mfano. Inauza vifaa vya ujenzi, ina duka Kariakoo, godauni Vingunguti na tawi Morogoro. Ina wafanyakazi 30. Kwa Sera ya Maendeleo ya Biashara Ndogo na za Kati ya Tanzania ya mwaka 2003, hii ni kampuni ndogo, maana sera hiyo inaweka kundi hilo kati ya wafanyakazi 5 na 49.

Kati ya hao 30, wanaoijua kazi kwa undani ni watatu. Yupo mhasibu. Yupo mtunza stoo wa godauni. Na yupo msimamizi wa mauzo, ambaye anajua mteja gani hupewa mzigo kwa mali kauli na hulipa lini. Ukiwauliza wengine jambo gumu, watakuelekeza kwa mmoja wa hao watatu.

Sasa tutazame mwezi wa mhasibu huyo. Kodi ya mishahara inatakiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Ritani ya VAT inatakiwa kabla ya tarehe 20 kupita. Kwa wenzetu wa Kenya, kodi ya mishahara ni tarehe 9 na VAT ni tarehe 20. Siku za mwisho wa mwezi ni za mishahara, kisha za kufunga hesabu. Katikati ya tarehe hizo kuna benki, wadai, mzigo unaosubiri bandarini, na tajiri anayeuliza kila asubuhi kuna shilingi ngapi kwenye akaunti. Ukimwomba asubuhi mbili kwa wiki, saa nne kila asubuhi, umeomba kingi. Hizo ni saa nane kwa wiki.

Kazi inayomsubiri ni hii. Orodha ya bidhaa iliyopo kwenye Excel ina mistari 3,200. Bidhaa ileile imeandikwa mara tatu kwa majina tofauti, na nyingine ziliacha kuuzwa zamani. Kila mstari unatakiwa kukaguliwa: jina, kipimo, bei ya kununulia, bei ya jumla na ya rejareja, kundi la kodi. Tuweke dakika tatu kwa kila mstari. Dakika 9,600 ni saa 160. Kwa saa nane kwa wiki, ni wiki 20 za kusafisha orodha ya bidhaa peke yake, na bado hatujagusa wateja, wadai wala salio la kuanzia. Ile ahadi ya wiki sita imekufa kabla mkataba haujasainiwa.

Hesabu hiyohiyo, hata hivyo, inaonyesha njia ya kutokea. Chukua bidhaa zilizouzwa katika miezi 12 iliyopita tu. Tuseme ni 900. Dakika tatu kwa kila moja ni saa 45, yaani chini kidogo ya wiki sita. Bidhaa zilizolala zihesabiwe na kuwekwa kwenye karatasi yake, ziingizwe polepole baadaye. Kampuni haijaongeza hata shilingi moja, na mradi usiowezekana umewezekana.

Naomba kila mmoja wenu aifanye hesabu hii kwa namba zake mwenyewe. Ni kazi ya jioni moja, na haihitaji mshauri.

Na hesabu hiyo ndiyo iamue ukubwa wa mradi. Kwa kampuni yetu ya mfano ningeanza na mauzo, stoo na vitabu vya hesabu, basi. Mishahara ya watu 30 inaweza kubaki kwenye Excel mwaka mzima bila kumdhuru mtu. Magari yasubiri, na likizo za wafanyakazi zisubiri. Muuzaji atakwambia kwamba ukichukua moduli zote, yaani sehemu zote za mfumo, leo utapata punguzo. Punguzo hilo ni la fedha, na kila moduli itadai saa ambazo huna.

Maarifa yasiyoandikwa popote

Kwa nini nasisitiza watu wanaoijua kazi, badala ya vijana wa kuajiriwa kwa muda waje kuingiza data? Kwa sababu sehemu kubwa ya biashara haimo kwenye karatasi yoyote.

Kampuni ya chokoleti ya Hershey ya Marekani ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Ilitenga dola milioni 112 kwa mifumo mipya. Kazi iliyokadiriwa kuchukua miezi 48 ilibanwa iishe kwa miezi 30, na mifumo ikawashwa Julai 1999, wakati oda za sikukuu ya Halloween zikianza kumiminika. Msimu huo peremende na chokoleti za thamani ya takriban dola milioni 100 hazikuwafikia wateja, na faida ya robo ile ya mwaka ilishuka kwa asilimia 19. Mzigo wenyewe ulikuwepo. Wachambuzi walieleza baadaye kwamba wakati wa msimu Hershey ilizoea kuhifadhi mzigo wa ziada katika nafasi za muda, na wafanyakazi wa zamani walizijua. Mfumo haukuambiwa kwamba nafasi hizo ni stoo, kwa hiyo uliona kwamba bidhaa hakuna.

Kila godauni la Vingunguti lina nafasi za namna hiyo. Kuna mzigo wa mteja aliyelipa akaacha hapo hadi apate fundi. Kuna mabati yaliyokunjamana yanayouzwa kwa bei ya kuelewana. Kuna rangi iliyokopeshwa kwa duka la jirani. Mtunza stoo anavijua vyote kichwani. Kijana wa muda ataandika anachokiona rafuni, na siku ya kwanza ya mfumo mteja aliyelipia mzigo wake ataukuta umeuzwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua mfumo, keti na mtunza stoo, umfuate kazini, uandike njia ya mzigo kutoka lori linapoingia hadi mteja anapoondoka. Ulizeni pia yale yanayotokea mara chache: bidhaa iliyorudishwa, risiti iliyokosewa, malipo ya simu yaliyoingia bila jina la mteja. Andikeni kwa Kiswahili cha kawaida. Kurasa kumi za maelezo hayo zina thamani kuliko kijitabu chochote cha muuzaji, na ndizo za kumpa akuonyeshe mfumo wake kwa mifano yenu, siyo kwa mifano yake.

Kazi ibadilike au mfumo ubadilike?

Hapa ndipo miradi mingi huvunjikia. Mfumo una namna yake ya kufanya mambo, nanyi mna yenu. Nani amfuate mwenzake?

Nondo zitatufundisha. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.66 kwa kipimo sahihi. Kampuni inanunua kwa tani na kuuza kwa kipande. Tani moja, kwa hesabu, inatoa vipande vipatavyo 94. Lakini uzito halisi hutofautiana kidogo toka kiwanda hadi kiwanda, na siku nyingine mtunza stoo atapokea vipande 97 kwa tani ileile. Mfumo ulioambiwa 94 utaona vipande vitatu visivyo na asili. Baada ya mwezi, stoo ya kwenye kompyuta na stoo ya godauni hazitafanana, na watu wataanza kusema mfumo ni mbovu.

Dawa ni rahisi ikiamuliwa mapema: nondo zipokelewe kwa vipande vilivyohesabiwa, na gharama ya tani igawanywe kwa idadi hiyo. Mzigo wa vipande 97 utakuwa na gharama ndogo zaidi kwa kipande, na hesabu zitakaa sawa. Ila uamuzi huo unamtaka mhasibu na mtunza stoo wakae meza moja. Misumari inayoingia kwa katoni na kutoka kwa kilo, na mabati yanayoingia kwa bando na kutoka kwa kipande, vinataka mazungumzo hayohayo.

Lidl, kampuni ya maduka ya Ujerumani, ilianza mwaka 2011 kuweka mfumo mpya wa SAP na ikauacha mwaka 2018. Vyombo vya habari vya huko vilitaja gharama ya karibu euro milioni 500. Moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba Lidl ilizoea kuthaminisha mali yake kwa bei ya kununulia, wakati mfumo ulijengwa kutumia bei ya kuuzia. Kampuni haikutaka kubadili desturi yake, hivyo mfumo ukakatwa na kushonwa upya mara kwa mara hadi ukawa hauwezekani.

Ushauri wangu kwa kampuni ndogo ni kukubali namna ya mfumo katika kila jambo lisilowapa riziki, na kushikilia namna yenu katika lile linalowapa riziki. Muundo wa ankara hauwapi riziki. Kama wateja wenu wanawapenda kwa sababu mnatoa mali kauli ya siku 14 kwa mafundi mnaowafahamu, hilo ni riziki, na mfumo usioweza kulibeba vizuri usiuchukue. Kila kinachobadilishwa ndani ya mfumo kitadai saa za watu wale watatu kila toleo jipya linapokuja.

Serikali haisubiri mradi wako

Tanzania ilianza kutumia mashine za kielektroniki za risiti mwaka 2010, na leo risiti hutolewa pia na programu iliyounganishwa na TRA. Kenya ilileta eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, na tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kwa kawaida katika hesabu ya kodi. Uganda ina EFRIS, Rwanda ina EBM. Mfumo usiozungumza na mamlaka ya kodi utamlazimisha keshia kuandika kila mauzo mara mbili. Usikubali jibu la "tutaunganisha baadaye". Taka uone risiti halali ikitoka kabla ya kulipa.

Sheria pia hubadilika. Kenya ilianza kukata tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 katikati ya 2023. Mahakama ikaitamka kuwa kinyume cha katiba mwezi Novemba, na sheria mpya ikairudisha Machi 2024. Oktoba mwaka huohuo mchango wa bima ya afya wa SHIF, wa asilimia 2.75, ukachukua nafasi ya ule wa NHIF. Kampuni iliyonunua mfumo wa mishahara kutoka kwa mtu aliye mbali, asiyefuatilia mabadiliko haya, ilibaki ikikokotoa kwa mkono. Muulize muuzaji ni nani atabadili viwango, kwa muda gani, na kwa bei gani, kisha majibu yake yaandikwe kwenye mkataba.

Mkataba huo useme pia kwamba data ni yenu na mnaweza kuondoka nayo mkiachana. Mnapoweka namba za simu za wateja na mishahara ya watu, kumbukeni kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina ya kwake ya 2019.

Siku ya kuhamia

Chagueni siku kwa kalenda ya biashara yenu, siyo ya muuzaji. Kwa vifaa vya ujenzi Dar es Salaam, masika hupunguza kazi za mafundi. Makadirio ya kodi ya Machi yakishatoka, Aprili inatoa nafasi. Mzigo uhesabiwe Jumapili ya mwisho ya Aprili, mauzo ya siku zilizobaki yaandikwe kando na kupunguzwa kwenye hesabu hiyo, na mfumo uanze baada ya Mei Mosi. Mwenye duka la nguo atakwepa Ramadhani na Desemba. Anayeuza vifaa vya shule atakwepa Januari.

Kuna wanaoshauri kuendesha daftari la zamani na mfumo mpya sambamba kwa miezi mitatu. Ni ushauri wa wenye watu wengi. Kwenu utaongeza kazi mara mbili kwa watu walewale, na uchovu utazaa makosa kote kuwili. Badala yake, linganisheni urari wa hesabu mwisho wa mwezi wa kwanza na wa pili. Stoo, kwa upande wake, ihame siku moja na isirudi nyuma.

Umeme na intaneti viwekewe mpango. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani. Kampuni iwe na vitabu vya risiti vyenye namba zilizofuatana, utaratibu wa kodi wa kutoa risiti mtandao ukiwa chini, na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina wa kuingiza mauzo hayo mtandao unaporudi.

Mafunzo yafanyike kwa bidhaa zenu, bei zenu na wateja wenu, na yafanyike karibu na siku ya kuhamia, maana aliyefundishwa Januari atakuwa amesahau Mei. Mtunza stoo afundishwe wa kwanza, kisha awafundishe wengine. Anayeshika maarifa kichwani ana haki ya kuogopa mfumo unaoyachukua maarifa hayo. Wakati FoxMeyer, msambazaji mkubwa wa dawa wa Marekani, ilipokuwa ikiweka mfumo na ghala la mashine, wafanyakazi wa maghala yaliyokusudiwa kufungwa waliondoka kwa wingi na mali ikaharibika. Kampuni hiyo iliomba kufilisika mwaka 1996, na mradi huo ukatajwa miongoni mwa sababu. Mwambie mtunza stoo wako mapema nafasi yake itakuwa ipi, na kama unamwongezea kazi, mwongezee na ujira.

Wajibu wa mwenye mali

Nimezungumza juu ya saa za wafanyakazi. Namalizia na mwenye kampuni, kwa kuwa yeye ndiye anayeweza kuziokoa au kuzipoteza.

Mwenye mali akipita godauni akachukua mifuko mitano ya saruji kwa ajili ya nyumba yake, akasema "tutaandika baadaye", mtunza stoo hatamkatalia. Akichukua fedha ya droo kulipa ada ya shule, keshia atanyamaza. Mwisho wa mwezi mhasibu atatumia siku mbili kutafuta tofauti ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayethubutu kuitaja. Hizo siku mbili zilikuwa za mradi. Zaidi ya hapo, wafanyakazi wote wamejifunza kwamba mfumo ni wa wadogo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu kwa wenye kampuni. La kwanza, saa mnazowapa watu wenu kwa ajili ya mradi ziandikwe, na mziheshimu. Asubuhi ya mradi msimtume mhasibu benki. Kama hamwezi, mwajirini mtu wa muda wa kushika kazi zake za kila siku, ili yeye abaki kwenye mradi. La pili, maamuzi kama yale ya nondo yafanywe na wanaoijua kazi, nanyi myape nguvu. La tatu, kila mnachochukua kutoka kwenye biashara kipite kwenye mfumo kwa jina lenu, tangu siku ya kwanza, mbele ya watu wote.

Mkiweza haya matatu, mfumo wa kawaida utawafaa miaka mingi. Msipoyaweza, ahirisheni ununuzi kwa mwaka mmoja, muutumie mwaka huo kusafisha orodha ya bidhaa na kuzoea kuandika kila kitu. Fedha zenu zitakuwa salama benki, na watu wenu watakuwa wameanza kazi yenyewe.